Jina Lililoandikwa Kwenye Zamu

Miaka ile miwa ilipokuwa imeshamiri pande zote za Kakamega, Selpher Muhonja alikuwa karani katika ofisi ya kupanga zamu za kukata miwa. Kompyuta ilikuwa imeletwa karibuni. Msimamizi wake, Osundwa, ndiye aliyefundishwa kuitumia, na kitabu cha maelezo alikifungia kabatini.

Asubuhi moja mzee Andati aliingia kutoka Navakholo, viatu vimejaa matope.

"Miwa yangu inakauka shambani. Jirani alipanda nyuma yangu, na yake imeshakatwa. Kwa nini?"

"Kompyuta ndiyo inapanganga, mzee," Osundwa akamjibu. "Haijui ndugu wala rafiki."

Huyo alikuwa wa nne kulalamika wiki hiyo. Andati alipoondoka, Selpher akaomba kitabu.

"Cha nini? Wewe chapa majina tu."

Jibu lile likamkwama rohoni. Osundwa alipotoka kwenda chai, akabonyeza F1, kitufe ambacho hakuwahi kukigusa. Maelezo ya msaada yakajaa kwenye skrini. Akasoma polepole, jicho moja mlangoni. Zamu hupangwa kwa umri wa miwa, lakini mtumiaji anaweza kuzibadilisha. Na kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina na tarehe. Kuyaona, bonyeza F7.

Akabonyeza. Mabadiliko arobaini, la kumrudisha Andati nyuma likiwemo, yote kwa jina moja: S. Muhonja.

Yeye hakuwahi kubadilisha hata zamu moja. Ndipo akakumbuka: alipolazwa hospitali ya Mukumu mwezi Machi, Osundwa alimfuata hadi wodini kuomba neno lake la siri, eti kazi isilale. Alimletea na ndizi, naye akamshukuru. Akatazama tarehe. Tisa ziliangukia siku zile zile alizokuwa kitandani.

Akachapisha orodha na ukurasa wa maelezo, akaongeza barua ya hospitali, akaenda kwa meneja, Bwana Were, akamweleza habari ya neno la siri.

Meneja akasoma mara mbili. "Hizi tisa nimeelewa. Na thelathini na moja zilizobaki?"

"Kama ni mimi, bwana, ningekuletea mwenyewe?"

Meneja akaisoma orodha tena. Kisha akaagiza Osundwa aitwe.

Osundwa alikana hadi alipoonyeshwa tarehe. Akahamishiwa ghala la mbolea. Miwa ya Andati ikakatwa wiki iliyofuata, nusu yake imekuwa kuni. Selpher akapewa meza ya msimamizi, lakini tangu hapo wenzake walikuwa wakinyamaza kila alipoingia, kila mmoja akijiuliza ni nini kingine alichokwisha kusoma.