Kichupa cha Profesa Carmichael

"Seli zako zimegandana tu, binti yangu," Profesa Carmichael alisema bila hata kuinama kwenye hadubini. "Zitikise vizuri, zitaachana."

Binti yangu! Eilidh Rankin alikuwa na mvi na mtoto chuo kikuu, lakini kila mwaka mkataba wake ulisubiri saini ya mtu huyu. Alizitikisa. Alizitikisa kichupani mpaka bega likamuuma, mvua ya Edinburgh ikipiga madirisha ya maabara, kisha akachungulia tena. Seli za hamira zilikuwa vilevile: kila moja na vichipukizi kadhaa, badala ya kimoja cha kawaida, vimeing'ang'ania kama viazi vichanga kwenye shina moja.

Hazikuwa hamira za kawaida. Eilidh alikuwa amezinyang'anya zile protini ambazo Profesa, maisha yake yote, aliwafundisha watu kwamba ndizo mabwana wa seli. Zisipotoa amri, hakuna jeni inayosomwa kwa wakati wake. Haya, mabwana hawapo. Seli zilishindwa kugawanyika, kweli, lakini jeni ziliamshana zenyewe kwa zamu, hii ikizima ile ikiwaka, na kila zamu ilipozunguka kichipukizi kipya kilijitokeza. Na mzee hataki hata kutazama!

Siku walipokuja wageni kutoka London, wale wanaoamua maabara ipi iendelee na ipi ifungwe, Eilidh aliingia ukumbini akakuta picha zake za seli zimeondolewa kwenye maonyesho. Zote.

"Umeitoa kazi yangu?"

"Nimetoa takataka," Profesa alinong'ona, huku akiwachekea wageni walioshika vikombe vya chai. "Usinitie aibu leo. Mkataba wako bado uko mezani kwangu."

Hapo damu ikamchemka. Kupingwa angevumilia, lakini kufutwa na mtu ambaye hakuwahi kuangalia! Alirudi maabara, akaibeba hadubini kifuani, kichupa cha seli mfukoni, akaja kuitua mezani katikati ya sahani za biskuti.

"Samahani, Profesa. Acha wageni waone."

Bi Thirlwell, mkubwa wa wageni, alipandisha miwani kwenye paji la uso, akainama. Akachungulia.

"Mbona zina vichipukizi vingi hivi? Na zile protini mmeziondoa?"

"Nimeziondoa mimi," Eilidh alisema.

"Zimegandana hizo!" Profesa alicheka, ila masikio yalikuwa yamemwiva. "Huyu hakuzitikisa, basi."

Eilidh akamnyooshea kichupa mbele ya watu wote.

"Basi tikisa wewe, Profesa. Na mimi niweke tone."

Angekimbilia wapi? Alikipokea, akakitikisa, tai ikimrukaruka tumboni. Eilidh akaweka tone jipya kwenye kioo, na Bi Thirlwell akachungulia.

"Bado," alisema.

Profesa akavua koti. Safari hii alitikisa kwa mikono miwili, mashavu yakimtetemeka, jasho likimtiririka mpaka kolani. Tone jingine likawekwa.

"Bado."

Chai ilikuwa imepoa vikombeni, na hakuna aliyegusa biskuti. Profesa akahamishia kichupa mkono wa kushoto, akaendelea kutikisa, na ukumbi mzima ukakaa kumtazama, pasiwe na mtu wa kumwambia aache.