Mkono wa Dumu

Télesphore Lavallée alipiga magoti juu ya barafu ya Ziwa Manitoba akajaza petroli kwenye tangi la keekee ya kutobolea barafu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikuwa na miaka sitini na sita, na baridi asubuhi hiyo ilikuwa nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri.

Asicheke mtu. Rasi ya Mierebi, kijiji chao cha wavuvi, ilikuwa na mgawanyo wake wa kazi tangu keekee ya kwanza ya injini ilipofika pale. Timu ya barafuni ni watu wawili: mkono wa dumu na mkono wa samaki. Mkono wa dumu ananunua petroli, anachanganya oili, anawasha keekee, anatoboa. Mkono wa samaki anavuta nyavu na kuchomoa samaki, na hagusi hata kifuniko cha dumu. Sababu ni kwamba samaki mmoja akinuka petroli mnunuzi anakataa sanduku zima, na wanunuzi, tuseme ukweli, hawajawahi kukosa sababu. Kwa majira thelathini na moja ya baridi Télesphore alikuwa mkono wa samaki. Mkono wa dumu alikuwa shemeji yake, Napoléon Ducharme, mume wa dada yake Philomène.

Sasa Napoléon alikuwa mjini Winnipeg, ghorofa ya nane, na hawakuwa wamesemezana kwa miezi kumi.

Chini ya barafu kulikuwa na nyavu nne, na hiyo ilikuwa siku ya nne tangu zitegwe. Sheria inasema wavu usikae majini zaidi ya siku nne. Aliyeiandika alikaa kwenye kiti kinachozunguka, mahali penye joto, na hakuuliza mtu yeyote dhoruba huchukua siku ngapi. Ukipitisha siku unapewa onyo, na onyo la tatu linafuta leseni. Télesphore alikuwa nayo mawili: moja la dhoruba, moja la homa. Bwana samaki, mkaguzi wa uvuvi, angepita kesho asubuhi. Na leseni hiyo ilikuwa ya mwisho pale rasini iliyobaki mkononi mwa mtu anayevua mwenyewe. Nyingine zote kumi na moja zilikuwa za Garth Hollis, mtu asiyewahi kulowa hata soksi, na ya kumi na moja aliuziwa na Napoléon.

Hilo ndilo lililowatenganisha. Siku ya kuhama, Télesphore alisimama mlangoni mwa dada yake, maboksi yamejaa sebuleni, akamwambia shemeji yake, "Umeuza maji ya baba yangu." Akaondoka bila kubeba hata boksi moja.

Kwa mtaimbo, tundu moja la kutosha kupitisha wavu huchukua saa nzima, maana barafu ilikuwa nene kufika kiunoni. Matundu yalikuwa manane, mawili kwa kila wavu, na mchana wa Januari hauzidi sana saa nane, hapo bado hujavuta wavu hata mmoja. Bila keekee, leseni ilikuwa imekwenda.

Jana yake dukani alisimama robo saa mbele ya chupa mbili za oili. Ya bluu ilikuwa na picha ya boti, nyekundu ilikuwa na picha ya theluji.

"Ipi ni ya keekee?" alimuuliza binti wa kaunta.

"Zote oili, mzee."

Alichukua nyekundu, kwa sababu ya theluji. Petroli alijaza kwenye pampu ya pale pale dukani. Nyumbani alivaa miwani akasoma mgongoni mwa chupa: sehemu hamsini za petroli kwa moja ya oili. Kibandiko cha keekee yenyewe kilikwisha kufutika miaka mingi iliyopita. Basi akafuata chupa. Mtu aliyefundishwa tangu shule ya masista kwamba kilichochapwa ndicho kweli atafuata nini kingine? Lakini chupa ile haikuandikwa kwa ajili ya mashine yake. Iliandikwa kwa ajili ya mashine wanayotaka anunue.

Tundu la kwanza lilitoka vizuri. Vipande vya barafu viliruka, maji meusi yakapanda. La pili pia. Kwenye la tatu sauti ikabadilika. Ikawa nyembamba, kali, kama mtu anayeongea haraka ili asilie. Harufu ya chuma cha moto ikamfikia. Télesphore hakuwa fundi, lakini alikuwa amesikiliza injini ile kwa miaka mingi kuliko alivyosikiliza binadamu yeyote, na akazima. Alipovuta kamba tena haikuja. Imeng'ang'ana.

Alikaa juu ya sanduku la samaki. Pande zote ni weupe. Zamani asubuhi kama hii ungehesabu moshi wa timu ishirini, na watu wakitukanana kwa Kifaransa na Kikrii, lugha ya wenyeji, kutoka tundu hadi tundu. Kisha wakubwa wakafungua malango ya mto uliofurika kuokoa mashamba ya wengine, ziwa likapanda likaingia nyumba za rasi, na waliofidiwa hawakuwa wale waliolowa. Watu husema hayo ni ya kale. Ni ya kale kwa aliyekauka.

Alivua glavu, akatoa simu kifuani, akatafuta jina ambalo hakuwa amelifuta.

"Haloo?"

"Ni mimi."

Nyuma kulikuwa na televisheni.

"Mimi nani?"

"Shemeji yako."

"Nilikuwa na mashemeji watatu. Wawili wamekufa."

"Basi mimi yule aliyebaki."

"Lo! Nikadhani na wewe umetangulia, ila sisi hatukualikwa mazishini."

Sauti ya Philomène ikatokea mbali. "Nani huyo, Napo?"

"Kaka yako! Nafikiri ameua kitu."

"Nani kakwambia nimeua kitu?" Télesphore aliuliza.

"Ungenipigia kwa lingine lipi? Sema."

Akasema. Napoléon alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Ulitia kiasi gani?"

"Hamsini kwa moja. Chupa imeandika."

"Chupa! Tangu lini Lavallée akasikiliza chupa isiyo na wiski? Hiyo keekee ni kongwe, Tele, inakunywa ishirini na nne kwa moja. Umeinyima nusu ya chakula chake. Oili gani?"

"Nyekundu."

"Hapo umebahatisha. Ya boti ingekumaliza, ile inataka injini inayopozwa na maji. Petroli?"

"Ya dukani."

"Ina spiriti ndani yake, inavuta maji, maji yanaganda kwenye kabureta. Mimi nilikuwa naendesha hadi njia panda, kilomita arobaini, kutafuta isiyo na spiriti. Ulidhani kila Ijumaa naenda kwa mwanamke?"

"Mimi nilidhani hivyo!" Philomène alipiga kelele.

Télesphore alitaka kucheka, midomo ikakataa kwa baridi.

"Imepoa?" Napoléon akauliza. "Haya, fungua plagi. Rangi gani?"

"Nyeupe. Kama chaki."

"Kiu hiyo. Tia oili kidogo humo tunduni, kama kijiko. Subiri. Sasa vuta kamba polepole, usiipige kama ng'ombe."

Alivuta. Hakuna. Akavuta tena, akasikia kitu kikiachia ndani, kikinata na kuteleza. Kamba ikaja.

"Weka kidole gumba juu ya tundu la plagi. Vuta. Kinasukumwa?"

"Kinasukumwa."

"Kwa nguvu?"

"Kama mkono wa mtoto."

Napoléon akashusha pumzi. "Iko hai. Sasa mimina petroli yote ya tangi irudi dumuni, uongeze oili vifuniko vitatu na nusu. Ila si sasa hivi. Oili ikoje?"

Télesphore aliinamisha chupa. Oili ilisogea kama asali ya mwaka juzi.

"Ukiitia hivyo inakwenda kukaa chini ya dumu inalala. Wewe utamimina petroli tupu ya juu, utaua mashine mara ya pili. Weka chupa kwapani, ndani ya shati, kwenye ngozi. Dakika ishirini."

"Dakika ishirini! Nifanye nini humo?"

"Unaweza kuongea na mimi. Kama unaweza."

Chupa ilikuwa baridi kama kisu, na Télesphore alitoa sauti ambayo Napoléon aliifurahia sana. Barafu ililia mbali, ule mlio mrefu wa kupasuka.

"Nimeusikia," Napoléon alisema. "Huku dirisha halifunguki. Wanasema ni usalama. Mara tatu kwa wiki nampeleka Philo kwenye mashine ya figo, kwa saa nne nzima anafungwa pale, mimi kwenye kiti cha plastiki. Wauguzi wazuri. Hakuna anayenijua. Nikitaka kunusa petroli nashuka kwenye maegesho ya magari, nasimama."

"Hollis ameweka nyavu kwenye mstari wako," Télesphore alisema. Hakujua kwa nini amesema hilo badala ya jingine.

"Najua. Aliniletea kadi ya Krismasi."

"Mbwa yule."

"Kadi nzuri. Ina kulungu." Napoléon akakohoa. "Sikuuza maji ya baba yako, Tele. Niliuza yangu. Kodi ya huku haingojei samaki. Ya baba yako si ndiyo hayo umeyapigia magoti?"

Yalikuwepo maneno ya kujibu. Télesphore alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi, jikoni, kwa sauti, akiwa na sahani moja mezani, na kila mara alishinda. Sasa alisema, "Figo zake zikoje?"

"Muulize mwenyewe. Amejilaza lakini anasikia kila kitu, kama sungura."

"Umekula, wewe?" Philomène aliuliza, karibu na simu sasa. Sauti yake ilikuwa imekonda.

"Nimekula mkate wa galeti."

"Peke yake?"

"Na mafuta ya nguruwe."

"Umebeba chai?"

"Nimebeba."

"Mwongo."

Hakuwa amebeba. Alitikisa kichwa kana kwamba anaonekana.

Chupa ilipopata joto aliitoa. Oili ilimiminika sasa, nyekundu, nyepesi. Vifuniko vitatu na nusu. Napoléon alimfanya ahesabu kwa sauti. Alimfanya alikumbatie dumu na kulitikisa hadi mia moja, na kwenye sitini akamwambia amesikia anadanganya, aanze upya. Plagi ikasuguliwa na kurudishwa. Tangi likajazwa.

"Iwashe," Napoléon alisema, "ila usikate simu. Iweke karibu. Niisikie."

Télesphore aliiweka simu juu ya sanduku la samaki. Alivuta mara moja, mbili. Mara ya tano keekee ikapiga chafya, ikatoa moshi wa bluu, ikaunguruma kwa ile sauti yake nzito anayoijua, sauti iliyoshiba. Aliiacha ipate joto. Alipoinua simu kuuliza kama imesikika, kioo kilikuwa cheusi. Baridi ilikuwa imeinyonya betri. Hakujua kama Napoléon alisikia yote, au kamba tu, au hakusikia kitu. Aliiingiza kwenye kwapa lile lile. Haikuamka.

Akatoboa. Ilikuwa imekaribia saa sita, na matundu matano na nusu yalimngoja. Kila tundu alilitoboa mara tano kwa keekee, akaliunganisha kwa mtaimbo, akachota barafu iliyosagika. Kila alipotoka kwenye keekee kwenda kwenye nyavu alisugua mikono kwa theluji hadi ikawa myekundu, akainusa, akasugua tena, maana sasa mikono yote ilikuwa yake na samaki hawakujua tofauti. Vidole viwili vya kushoto viliacha kuuma, na hiyo si habari njema, akavitia kinywani hadi vikaanza tena.

Wavu wa kwanza ulitoka na samaki wengi. Wa pili ulikuwa na wachache, wawili wamekwisha kulegea, akawatupia kunguru. Wa tatu ulikuwa umejaa samaki aina ya macho-kioo, wale wanene, na kwa muda alichomoa bila kuwaza chochote. Wa nne aliuvuta jua likiwa limekaa ukingoni, jekundu, halina joto la kumpa mtu. Nyavu zote nne juu ya barafu. Bwana samaki aje na kalamu yake.

Sasa ingetosha kuzikunja na kwenda nyumbani. Sheria haimlazimishi mtu kutega. Hakuna ambaye angemlaumu mzee aliyefunga msimu wake mapema, na Hollis angemletea kadi.

Lakini wavu uliotoka majini huganda mara moja ukawa kama waya. Kama unarudi, unarudi sasa hivi. Kuurudisha ni kazi ya watu wawili: mmoja kwenye tundu la kuingizia anaulegeza usijisokote, mwingine mita mia mbali kwenye tundu la pili anavuta kamba inayopita chini ya barafu. Na wanaitana, ili mmoja asivute kabla mwingine hajawa tayari.

Télesphore alilegeza mikunjo ya kwanza ya wavu tunduni, akainua kichwa.

"Vuta!" aliita.

Kisha akaondoka, akitembea haraka kadiri buti zilivyomruhusu, hadi tundu la pili. Akashika kamba.

"Nimeshika!" akajijibu mwenyewe, akavuta hadi ilipokaza. Akaiachia kamba, akarudi kule alikotoka kulegeza tena.