Kava la Buluu

Mshonaji alikuwa na kanuni moja kazini: hakigeuzi kiti. Viti vya watoto, vile vya kufungwa ndani ya gari, vilifika mezani kwake vimeoshwa na kuvuliwa kitambaa. Yeye alipima, akakata, akashona kava jipya na kurudisha mikanda mahali pake. Mgongo wa kiti haukumhusu. Huko nyuma tajiri wake alikuwa amekwisha kupita na gundi, msasa na rangi ya kijivu.

Tajiri huyo watu walimwita Nafuu, kwa kuwa ndilo neno alilomjibu kila mteja aliyeuliza bei. Viti alivitoa kwenye yadi ya magari yaliyogongwa. Siku za mwanzo mshonaji aliona nyuma ya kiti kimoja kibandiko chenye mchoro wa gari lililopondeka, na kando yake kiti kilichopigwa msalaba mwekundu. Aliuliza maana yake. Nafuu alichukua wembe akaanza kukikwangua kibandiko, bila haraka.

"Dada yangu, lililogongwa ni gari. Kiti kilikuwa kimekaa tu."

Walicheka wote wawili. Tangu siku hiyo mshonaji hakugeuza kiti tena.

Kisha binti yake akajifungua. Likizo ya uzazi ilipokaribia kwisha ikawa wazi kwamba mtoto atapanda gari kila asubuhi, kupelekwa kwa bibi yake wa upande wa baba, barabara kuu nzima, katika teksi ambayo mkwe alikuwa akiiendesha kwa kukodi. Binti alimwomba mama yake amtafutie kiti huko huko kazini, bosi si atampunguzia. Mama alikataa. Alisema asubiri, mjukuu wake atamnunulia kipya yeye mwenyewe. Alikwenda hata kwenye duka lenye vioo kuulizia, akaruhusiwa kukigusa. Bei yake ilipita mshahara wake wa mwezi, nao mshahara ulikuwa na wenyewe kabla haujafika mkononi. Akaanza kuweka akiba kidogo kidogo. Kwa nini vya kazini havifai, hakusema. Angeanzaje kusema, bila kutaja aliyevivisha nguo?

Haba na haba hujaza kibaba, lakini likizo ya binti haikungoja kibaba kijae.

Jumapili moja mchana teksi ilisimama mlangoni. Mkwe alishuka, akaamkia kwa adabu yake ya siku zote, akafungua mlango wa nyuma kama mtu anayefunua zawadi.

"Mjukuu wako kapata kiti cha enzi, mama. Mimi baba yake nakalia sponji iliyotoboka."

Alikinunua kwa muuzaji wa kando ya barabara, aliyemwapia kwamba hakijakaliwa na mtoto yeyote. Binti alisimama pembeni akitabasamu. Alikuwa amechoka kuambiwa asubiri. Mtoto alilala ndani ya kiti, kichwa upande, kwenye kitambaa cha buluu chenye mawingu madogo meupe.

Mshonaji alilijua jora lile. Alipeleka mkono chini ya pindo, akatafuta kwa kidole mahali mshono unapoishia. Washonaji wengine wakifika mwisho hurudisha cherehani nyuma mara mbili. Yeye alirudisha mara tatu, kama alivyofundishwa na mama yake, na kidole kilizikuta zote tatu.

Aliomba mtoto atolewe. Akakifungua kiti, akakiweka kizingitini, akakigeuza. Chini ya rangi ya kijivu ulipita mstari mweupe kutoka ukingo hadi ukingo, kama plastiki inavyofanya ikikunjwa kupita kiasi. Aliubana kwa vidole gumba. Ufa ulifunguka.

"Hiki kimeshapata ajali," alisema.

"Umejuaje?" binti aliuliza.

"Nimekishona mimi."

Binti alimhamishia mtoto bega la pili. Hakupandisha sauti. Alisema neno moja tu lingetosha, siku ile alipomwomba; wangeenda zao bila kiti, na wangejua kwamba hawana. Mkwe alitazama chini, maana mama mkwe hakodolewi macho.

"Kwa heshima yako, mama. Vimeshatoka vingapi?"

Alijibu kwamba hakuwahi kuvihesabu, na huo ulikuwa ukweli.

Akaingia ndani, akatoka na mkasi wa kazi, akaikata mikanda yote ili kiti kisije kuuzwa tena. Mkwe alimwacha amalize, kisha akauliza kesho asubuhi mtoto atapandaje. Mshonaji alirudi ndani akaleta akiba yake iliyofungwa kwenye kitambaa. Mkwe alifungua fundo, akatazama, akalifunga tena na kumrudishia kwa mikono miwili.

"Dukani hawauzi nusu kiti, mama."

Waliondoka mtoto akiwa mapajani mwa mama yake, mkanda mmoja wa gari umewazunguka wote wawili. Gari lingesimama ghafla, mwili wa mama ungembana mtoto kwenye mkanda ule. Mshonaji alilijua hilo pia, na hakuwa na kitu cha kuwapa badala yake.

Jumatatu alikuta kiti kingine mezani, safi, uchi. Nafuu alipita akauliza kama ile buluu imekwisha, akaambiwa imekwisha, akamletea jora la kijani. Mshonaji alishika kingo za kiti. Mshahara wa kununua kile cha dukani ulikuwa huu huu, hapakuwa na mwingine. Mikono yake ilikiinua kidogo kutoka mezani, ikakaa nacho hewani, ikakirudisha kama kilivyokuwa.

Akapima, akakata, akatia uzi. Mwisho wa mshono wa kwanza alirudisha cherehani mara mbili, kama washonaji wengine wote, akakata uzi.