Aliyeitikia Ngazini

Haya niliambiwa na Muriel Pettifer mwenyewe, jirani yangu, mwaka ule alipovunjika nyonga nikawa nampelekea supu.

Mwaka sabini na nne, akiwa mjane wa miaka miwili, aliwakodishia watu wa sinema nyumba yake kwa siku tatu. Zilikuwa zile sinema za vichekesho vya chumbani, za pesa kidogo: mume anarudi mapema, muuza maziwa anajificha kabatini bila suruali. Ilikuwa Januari, kwao baridi kali, nao wanaigiza joto la Julai, basi kabla ya kupigwa picha waigizaji walifyonza barafu ili mvuke usionekane mdomoni.

"Nikifa na baridi humu kabatini, mwambieni mama nilikuwa nimevaa," muuza maziwa akalalamika.

"Nyamaza wewe, miguu ya kuku!" mwongozaji akamjibu.

Mume aliigizwa na Wilf Garside, mzee wa miaka sitini. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kutundika kofia na kuita, "Mpenzi, nimerudi!"

Muriel alikuwa amekaa ngazini, anamshonea mtu kifungo. Sindano ikasimama. Tangu Stanley wake afariki, hakuna aliyeita hivyo nyumbani mle. Wakarudia mara tano, naye kila mara akawa anaingojea ile sauti. Mara ya sita akaitikia kwa nguvu, "Njoo jikoni, chai iko tayari!"

"Kata! Nani huyo?" mwongozaji akafoka. "Mama, tunakuomba, filamu ni ghali!"

Wakacheka wote. Wilf hakucheka.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, wakapakia taa zao wakaondoka. Wilf alibaki nyuma akitafuta glavu. Muriel akamwambia, macho yakiwa kwenye zulia, "Bwana Garside, ungeita mara moja tu. Bila kamera."

Wilf akatoka, akafunga mlango, akaingia tena. Safari hii hakuchekesha. "Mpenzi, nimerudi."

Haikuwa sauti ya Stanley, wala haikukaribia. "Chai iko tayari," Muriel akasema.

Wilf akanywa vikombe viwili, akavua viatu. "Kwangu ni chumba cha kupanga, bibie, na mwenye nyumba mkali. Nipe dakika tano nifumbe macho, kisha uniamshe niwahi treni."

Akasinzia pale kitini, akakoroma.

"Treni niliiacha impite," Muriel aliniambia. "Makusudi kabisa."

Alivuta kiti cha pili karibu, akasikiliza mtu anakoroma nyumbani kwake, hata naye usingizi ukamchukua.