Taa ya Mikdad

Haya nimeyapata kwa mjukuu wangu Zuhura, mtoto wa binti yangu mkubwa, wiki ile aliyokuja kwangu Fukayosi kupumzika baada ya kumaliza eda. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi. Alianza kwa sauti ya chini, na kila alivyoendelea ndivyo punje zilivyoruka nje ya ungo. Sikumkatiza. Mtu mwenye hasira ya haki mwache aitoe yote.

Mumewe, Mikdad, alikuwa mtu wa Kaole, kazi yake kwenye mashamba ya chumvi. Alilala hukohuko kazini, nyumbani anarudi Alhamisi jioni, Jumamosi ameshaondoka. Basi wao wawili wakawa na mchezo wao wa kwenye simu, mchezo wa kujenga kijiji. Mikdad alijenga nyumba humo, ina kibaraza, ina minazi, ina kuku. Zuhura kwa simu yake anaweza kwenda kuitazama. Kila siku akitoka kazini Mikdad anawasha taa ya pale kibarazani, na Zuhura akiiona inawaka anajua mume wangu mzima, amekula, anakwenda kujinyoosha. Hakuna maneno. Taa tu.

Taa hiyo Mikdad aliinunua kwa pesa ya kweli, pesa ya chumvi iliyomchuna mikono. Minazi alinunua. Kibaraza alinunua. Mwanzoni ukishanunua, umenunua. Halafu wenye mchezo wakabadilisha mambo. Siku moja taa ikagoma kuwaka, yakatokea maneno kwamba kuanzia leo taa inahitaji mafuta, na mafuta yanauzwa, kila wiki. Mikdad akampigia mkewe, anacheka huku amekasirika.

"Zuhura, umewaona watu hawa? Wameniuzia taa, sasa wananiuzia mwanga."

Lakini alilipa. Nao walijua atalipa. Wamemwona anavyoiwasha kila jioni, watakosaje kujua pa kumshika?

Mikdad akaugua siku chache tu, akatangulia. Hawakujaliwa mtoto.

Siku ya hitma watu wamekaa wanasoma, simu ya marehemu ikalia ndani ya sanduku la nguo. Mama yake, Bi Mwanajuma, akamwambia binti yake Najma aitoe aone nani anamtafuta mwanawe. Hakuwa mtu, ulikuwa ule mchezo. Najma akasoma kwa sauti kabla hajafikiri: "Mikdad, rafiki yetu, tumekukumbuka. Minazi yako inakauka. Rudi leo ununue maji kwa nusu bei."

"Nani huyo anayemwita mwanangu arudi?" akauliza Bi Mwanajuma.

"Ni mchezo, mama."

"Mchezo haujui adabu ya msiba?"

Wakaizima, wakairudisha sandukuni. Ila tangu siku hiyo Bi Mwanajuma hakupata tena usingizi wa maana. Amelala, masikio yako kwenye sanduku.

Mama huyo alikataa mali ya mwanawe iguswe mpaka mjane atoke eda. Siku ilipofika wakakaa sebuleni asubuhi: yeye, Zuhura, Najma, na Amin, mdogo wake marehemu, anayeendesha bajaji mjini Bagamoyo. Wakamwita Mzee Mgeni, ambaye pale Kaole ndiye mgawa mirathi. Vitu vyenyewe vichache, havikuleta ubishi. Simu ikamwangukia Amin. Mzee Mgeni akauliza kama yuko mwenye neno.

Zuhura akasema, "Simu achukue shemeji, sina kinyongo. Mimi naomba ile nyumba iliyo ndani. Ihamie kwenye simu yangu."

Amin akatabasamu. "Shemeji, ile ni katuni."

"Katuni hiyo kakako aliinunua au aliiokota?" akauliza Bi Mwanajuma.

"Aliinunua, mama."

"Basi," akasema Mzee Mgeni, "kilichonunuliwa kwa pesa ya marehemu ni mali ya marehemu. Mnaridhia apewe mjane?"

Wote wakaridhia. Sikiliza hapo, maana ndipo uchungu ulipo. Watu wa damu wamekaa, wameridhiana, hakuna aliyenuna. Aliyekataa ni nani? Ni simu.

Najma ndiye mjuzi wa mambo hayo. Akaiwasha ile simu, akajaribu kuhamisha, mchezo ukagoma. Akatafuta pahala pa kuwaandikia wenyewe, akajibiwa papo hapo, akawasomea wenzake.

"Habari Mikdad. Nikusaidie nini leo?"

Najma akaandika: Mikdad amefariki. Mimi ni dada yake. Tunaomba kijiji chake apewe mkewe.

"Pole kwa usumbufu, Mikdad. Akaunti haiwezi kuhamishiwa mtu mwingine. Vitu vyote vya ndani ni mali ya kampuni. Wewe ulipewa ruhusa ya kuvitumia tu."

Mzee Mgeni akataka asomewe tena. Akasomewa.

"Mimi nimegawa mnazi mmoja kwa watu watatu," akasema. "Nimegawa hadi mlango. Sijakutana na muuzaji anayeuza, anapokea pesa, halafu mnunuzi akishazikwa anasema sikumuuzia. Muulize anakaa wapi."

"Hakai mahali, babu. Hii ni mashine inajibu."

"Mashine haili pesa. Yuko anayekula. Muulize."

Najma akauliza. Jibu likaja: "Swali zuri, Mikdad. Kwa kuwa wewe ni mteja wetu wa siku nyingi, tumekuzawadia sarafu hamsini. Ungependa kuwasha taa yako?"

Amin, yuleyule aliyetabasamu, akasimama. "Nipe hiyo simu niipasue."

"Kaa chini," mama yake akamwambia. "Ukiipasua wao wanapungukiwa nini? Utapasua simu yako, mjinga we." Akaichukua yeye. "Najma, nionyeshe pa kusemea."

Akaonyeshwa. Akaisogeza mdomoni. "Wewe usiye na jina. Mimi ndiye mama yake Mikdad. Mimi nilimzaa, na watu wa Kaole walimzika. Usimwite tena. Pesa yake ulipokea akiwa hai, ukainyamazia. Leo mkewe anaomba taa moja, unamwambia haikuwa yake?"

"Samahani, sijaelewa," ikajibu. "Tafadhali jaribu kwa maneno machache."

Bi Mwanajuma akaisogeza tena mdomoni. Akasema neno moja. "Amekufa."

"Asante kwa maoni yako, Mikdad."

Amin akaichukua simu mkononi mwa mama yake, akampa Zuhura. "Chukua yote, shemeji. Ikae kwako na nyumba yake."

Zuhura akafungua kijiji. Minazi imekauka, kuku hawapo, kibaraza giza. Na juu ya kila alichonunua Mikdad pameandikwa bei upya. Pembeni kuna saa inahesabu kurudi nyuma: isipolipiwa mpaka Ijumaa, nyumba inafutwa.

Bi Mwanajuma akafungua pindo la kanga yake. "Lipa, mwanangu. Niione ikiwaka mara moja tu. Najma aipige picha, basi."

Zuhura ananiambia, bibi, kidole kilishafika pa kulipia. Pesa ya mkwe wake, aliyoipata kwa kusuka ukili, imeshikiliwa mbele yake, na taa ya mumewe iko hapo. Akaondoa kidole.

"Hapana, mama. Saa hii wameiweka makusudi, wanajua tutatetemeka. Nikilipa leo, kesho kutwa wataizima tena, na mimi nitalipa tena. Nizeeke nanunua mwanga kwa watu wanaosema mume wangu hakununua kitu?"

"Na picha?"

"Ipigwe hivihivi, ikiwa imezima. Wifi, piga, na hizo bei zote zionekane. Atakayeniuliza Mikdad aliachiwa nini humu, nimwonyeshe."

Najma akapiga kwa simu yake. Zuhura akaufuta mchezo. Nao haukuondoka kimya, ukauliza: "Una uhakika, Mikdad? Utapoteza kila kitu." Akabonyeza. Akamrudishia Amin simu yake.

Mzee Mgeni hukamilisha kazi kwa kusema tumemaliza. Siku hiyo hakusema. Alisema, "Hili moja sikuligawa. Limeporwa," akachukua kofia yake, akaenda kuwahi adhuhuri.

Baada ya chakula Amin na Najma wakajilaza mkekani, joto limewachosha. Bi Mwanajuma akabaki amekaa, anaitazama ile simu kifuani kwa Amin. Anangoja ilie. Haikulia. Mwisho akaweka kichwa kwenye mapaja ya mkwewe, ananung'unika, "Sijaelewa. Eti sijaelewa," mpaka sauti ikakatika na pumzi zikawa nzito. Miguu ikamfa ganzi Zuhura, lakini hakumwamsha. Akaegemea ukuta, hasira yake angali nayo, na usingizi ukamchukua hivyohivyo.