Jina Lililozidi Nafasi

Mchana wa Mbarara, jua limeegemea mabati ya karakana, Pascaline alikuwa akisoma kwenye kompyuta msimbo wa bomba la maji huku akili yake ikielea. Hakusoma kwa haraka. Alipita mstari kwa mstari, midomo ikichezacheza, kama mtu anayenyata ndani ya nyumba ya watu waliolala asije akakanyaga mkono wa mtu.

Karakana ya Hajat Madinah ilitengeneza mabomba ya kadi kwa ajili ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Unagusisha kadi, jina lako linatokea kwenye kioo kidogo, bomba linakupa lita zako na kujifunga. Ubongo wa bomba ulikuwa umeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, na kabla bomba halijatoka, Pascaline aliupitishia programu ya ukaguzi inayotafuta mianya, mahali ambapo mwizi au bahati mbaya huweza kupenya. Programu yenyewe ilikuwa na kelele kupindukia. Iliona hatari kila kona, na nyingi hazikuwa hatari hata kidogo. Kazi ya Pascaline ilikuwa kuketi nayo na kuuliza, onyo baada ya onyo, hili nalo ni la kweli?

Onyo moja likamkaa rohoni. Mstari fulani ulinakili jina kutoka kwenye kadi bila kupima urefu wake. Jina lilitengewa nafasi ya herufi thelathini na moja na alama moja ya kulifunga, na papo hapo pembeni yake ndipo ilipokaa hesabu ya lita.

"Hiyo iache, dada," alisema Ashiraf, aliyeandika msimbo ule. "Hii mashine inalia bure tu. Nani iko na jina ya kupita herufi thelathini? Hata mimi na baba na jjajja, babu yangu, tukijipanga, hatufiki."

Ashiraf alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na ugonjwa wa mafundi hodari, wa kudhani dunia nzima inaitwa kama yeye. Pascaline hakubishana naye. Alichukua kadi tupu akaiandikia jina la mama yake, neno kwa neno kama lilivyo kwenye karatasi zake za ukimbizi: Goretti Nabintu Mwamini Mama Parfait.

Jina hilo lilikuwa na kisa chake. Kwao, Kivu ya Kusini kule Kongo, mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa Goretti alikuwa Parfait. Siku waliyokimbia vita, Parfait alipotea kwenye ukungu wa milimani, asionekane tena, si mzima si maiti. Walipofika Nakivale, majirani wakamhurumia mama, wakaanza kumwita Mama Pascaline. Walidhani wanamfunikia kidonda. Siku ya kuandikishwa, yeye akamwambia karani, "Bantu baliacha kumuita mutoto yangu. Basi weye umuandike mu jina yangu, bamusome." Na karani yule, Mungu ambariki, akaandika.

Pascaline akagusisha kadi kwenye bomba la majaribio. Maji yakatoka. Lita zikaisha, maji yakaendelea. Ndoo ikajaa, ikafurika, maji yakatambaa chini ya meza mpaka kwenye viatu vya Ashiraf.

"Banange! Funga! Funga!"

Pascaline alikuwa ameshaiona sababu kwenye kompyuta. Herufi nne za mwisho za Parfait zilikosa pa kukaa, zikamwagikia mahali pa lita, na bomba likazisoma kama namba, namba kubwa kuliko maji ya tangi zima. Ulikuwa mwanya mbaya. Mjanja yeyote angeandika kadi ya jina refu na kulikausha tangi huku watu wamepanga foleni. Alilijua hilo. Lakini kwa kitambo, katika usingizi ule wa mchana usio usingizi, alimsikia kaka yake akimimina maji kwa mikono miwili, akicheka, hataki kuacha. Alitamani amwache amimine. Kisha akachomoa waya.

Ashiraf hakuwa mtu wa kukaidi. "Haki umenikamata," alisema, akaketi, akarekebisha: jina likizidi, likatwe. Programu ya ukaguzi ikanyamaza. Pascaline akagusisha kadi tena. Bomba likatoa lita zake, likajifunga vizuri, na kwenye kioo kukasomeka GORETTI NABINTU MWAMINI MAMA PA.

"Imeisha," Ashiraf akasema. "Salama kabisa."

Kweli ilikuwa salama, na hilo ndilo lililomuuma Pascaline. Hakuna programu duniani itakayolia kwa sababu mtoto wa mtu amekatwa katikati.

"Hapana," alisema. Hakuwahi kusema hapana katika karakana ile. "Hii jina isikatwe."

Hajat Madinah akaja, ameinua gauni lisilowe. "Shida ni gani? Si inafunga sasa?"

"Inafunga, Hajat. Lakini imemukata kaka yangu."

Akamweleza yote, na hakuona aibu. Ashiraf akaguna kwamba kupanua nafasi ni kupanga upya kila kitu, na kumbukumbu ya bomba ni ndogo, na gari la kupeleka mabomba Nakivale li karibu kuondoka. Hajat akakiinamia kioo, akalisoma jina lililokatwa.

"Ashiraf, zile salamu zako za karibu-maji-safi kwenye kioo, kwa lugha nne, zinakula nafasi?"

"Mingi, Hajat. Lakini ni nzuri."

"Toa. Mtu akiona jina yake, amekaribishwa. Na wewe, nnyabo, ukaguzi yote unarudia mwanzo."

Pascaline akaurudia. Alilitengea jina nafasi pana, akaweka kipimo mlangoni, na jina litakalozidi hata hapo likataliwe mbele ya karani anayeandika kadi, watu waone, badala ya kukatwa kimyakimya. Maonyo yakaisha moja baada ya jingine.

Siku bomba lilipofunguliwa Nakivale, ukungu wa ziwani haujaondoka, Pascaline alisimama pembeni. Mama yake alifika mbele na dumu lake. Nyuma yake alikuwa Nathalie, jirani wa ua mmoja, aliyemwita Mama Pascaline miaka yote hiyo kwa huruma. Goretti akagusisha kadi. Kioo kilikuwa kidogo, kwa hiyo jina lilipita polepole, na Nathalie, mtu asiyeweza kuona maandishi akanyamaza, akalifuata kwa sauti.

"Goretti... Nabintu... Mwamini... Mama..."

Akakoma. Neno la mwisho lilikuwa pale, linang'aa, na foleni nzima ikatazama chini.

"Maliza, Nathalie," Goretti alisema bila kugeuka.

"Nisamehe, mama, mi sikutaka..."

"Maliza. Bantu banangoja maji."

"Mama Parfait," Nathalie akasema.

"Ndiyo miye," Goretti akaitika, akasogeza dumu chini ya bomba.