Msonyo Mbele ya Hakimu

Usingizi unanikamata asubuhi peupe, nimekaa kwenye benchi nje ya mahakama, binti yangu Stumai kando yangu akininong'oneza, Mama, omba radhi tu yaishe. Yaishe! Jana hakimu kaahirisha tena kesi ya kiwanja changu, kile alichoniachia marehemu mume wangu, kwa sababu Diwani Shekiondo aliyekizungushia ukuta hakutokea, kama kawaida yake, na mimi Tunu nikasonya. Nilisonya kwa nguvu, sikatai. Hakimu akavua miwani, akasema nimeidharau mahakama, nirudi leo niombe radhi la sivyo naenda jela, na nikienda jela nani atakipigania kiwanja? Nafumba macho kidogo tu, na benchi linaanza kutembea.

Linanishusha kwenye barabara isiyo na mwisho, nyumba za vioo pande zote mbili, na ndani ya kila nyumba kuna kiti kikubwa kitupu na watu wamesimama mbele yake vichwa chini, hawathubutu hata kujikuna. Nageuka nirudi, barabara inageuka nami. Nageuka tena, inageuka tena. Mmesimama mbele ya nani jamani, nauliza, na hapo anakuja mtu kavaa sare ya askari, uso hana, ngozi tupu laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Mama yangu wee! napiga yowe. Yeye hana habari. Kitendawili, anasema. Loo, mtu uko mlangoni mwa jela, mwenzio anakuletea vitendawili! Lakini mdomo wangu wenyewe unajibu, Tega. Anasema, Mdogo akiifanya hufungwa, mkubwa akiifanya husubiriwa. Jibu nalijua hata kabla hajamaliza, linaniwasha ulimini, ila nikifumbua mdomo tu, watu wote mle ndani ya vioo wanageuza shingo kunitazama, na sauti inakwama. Umeshindwa, anasema, nipe mji. Chukua Tanga, namwambia, maana ndivyo tulivyokuwa tukicheza utotoni, unataja mji mwenzio anaridhika. Tanga ina wenyewe, anasema. Basi chukua Tabora, chukua Kigoma. Ina wenyewe, mama, yote ina wenyewe. Nipe ulicho nacho. Na kwenye kioo nakiona kiwanja changu, mipapai yangu, kaburi la mume wangu, na ukuta unapanda wenyewe, tofali juu ya tofali, na kile kiti nilichodhani kitupu, kumbe Shekiondo yumo, anakunywa chai. Hanitazami. Hata kunisonya hanisonyi. Moyo unanichoma, wallahi, afadhali angenitukana. Askari ananyoosha mkono, Nipe, mama, nipe. Ukuta sasa umefika kwenye kaburi. Dharau! nafoka. Jibu ni dharau, na mji sikupi!

Vioo vinapasuka vyote kwa pamoja, na mimi nimesimama kizimbani, hakimu ananitazama juu ya miwani yake. Bi Tunu, anasema, umetafakari? Safari hii sauti imetoka, imetoka yote. Mheshimiwa, nasema, nilikosa adabu kusonya mbele yako, naomba radhi. Sasa Diwani naye aitwe aje aombe ya kwake, maana mimi nimekusonya mara moja, yeye anakusonya kila unapomwita. Hakimu anashusha kalamu mezani taratibu, anafungua mdomo anijibu, na mtu ananivuta gauni. Mama, Mama, amka, ni Stumai huyo, amka bwana, wanakuita ndani. Nasimama. Mdomo umenikauka, na sijui maneno yale nimeshayasema au ndio kwanza nakwenda kuyasema.